Chanjo ya malaria: 77, 75, 68, 36, 13. Hizi asilimia ni za kitu kimoja au kila mtafiti ana rula yake?

#1 Kipimajoto
Wakuu, salama? Swali hili ni kwa wanaojua utafiti wa tiba, si wale wa "nimesikia".

Chanjo ya R21 ilitangazwa kuzuia malaria kwa asilimia 77 huko Nanoro, Burkina Faso. Jaribio lake kubwa likatoa 75 na 68 kwa mpigo. Chanjo ya RTS,S, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja, ilimaliza na 36. Ikaja kuitumia hiyo RTS,S mitaani, tukasikia 13. Kimelea ni kilekile, mtoto ni wa Afrika huyuhuyu.

Nanoro wenyewe wameandika: kundi lililopewa chanjo yenye kichochezi (kiongeza nguvu cha chanjo) kingi, walioumwa miezi 6 ya kwanza ni 38 kati ya 146. Kundi la ulinganisho ni 105 kati ya 147. Yaani 26% dhidi ya 71%. Gawanya unapata 0.36, toa kwenye moja unapata 0.64. Chanjo imezuia 64. Hiyo 77 imetoka wapi? Dai langu: imepikwa. Nibishieni kwa hesabu, si kwa vyeo.

#2 Mgambo_wa_Mbu
Hujapika wewe? Umechanganya maharage na kokoto kwenye sufuria moja. Hiyo 13 ni ya vifo, tena vya sababu zote isipokuwa ajali. Zile nyingine ni za kuugua.

#3 MizaniYaKati
Mleta uzi hesabu yako ni sahihi, ila umejibu swali ambalo wao hawakuuliza.

Wewe umelinganisha mafungu: ni wangapi wameshaugua mpaka siku ya mwisho. Wao wamelinganisha kasi: kila siku, kati ya ambao bado hawajaugua, wanaugua wangapi. Katika kundi la ulinganisho watoto wanaisha haraka. Wakishaugua 105 wamebaki 42 tu wa kuhesabia, kwa hiyo fungu linagonga dari hata kama mbu anaendelea kuuma vilevile.

Fanya hivi kwenye kikokotoo. Chukua waliobaki salama: waliochanjwa 108 kati ya 146 ni 0.740, ulinganisho 42 kati ya 147 ni 0.286. Tafuta logi asilia ya kila moja: -0.301 na -1.253. Gawanya ya kwanza kwa ya pili unapata 0.24. Toa kwenye moja: 76. Ile moja iliyobaki kufika 77 ni kwa sababu wao walitumia tarehe halisi ya kila mtoto kuugua (modeli ya Cox), sisi tumetumia jumla tu.

Hakuna sufuria hapo.

#4 Kipimajoto
Asante kwa logi, imekubali. Lakini umenipa silaha, Mizani. Kumbe data moja inatoa 64 na 76, na kwenye vichwa vya habari ikaenda kubwa. Mama wa Nanoro anataka kujua mwanawe ana nafasi gani ya kuvuka msimu bila kuumwa. Jibu lake ni fungu, si kasi.

#5 Mzee_wa_Itifaki
Hapo penye "ikaenda kubwa" pana shida. Njia ya uchambuzi huandikwa kwenye mpango kabla siri ya makundi (nani alipata chanjo, nani hakupata) haijafunguliwa, na jaribio husajiliwa hadharani. Hawakai na karatasi mbili mezani wakichagua inayong'aa.

Ila kuna uchaguzi mwingine ambao ni halali na unabadilisha namba, na wengi hawausomi. RTS,S, matokeo ya mwanzo ya 2011, watoto wa miezi 5 hadi 17: waliopata dozi zote kama itifaki inavyotaka ni 55.8. Ukihesabu wote waliopigiwa kura (ile ya bahati inayogawa nani apate chanjo), hata aliyekosa dozi ya pili kwa sababu mama alihama, ni 50.4. Watoto walewale, miaka ileile. La kwanza linajibu "chanjo ikimfikia mtoto sawasawa inafanya nini". La pili linajibu "ukiamua kuchanja unapata nini", na ndilo linalolinda kura, maana ukianza kutoa watu kwenye hesabu baada ya kura, makundi hayafanani tena.

Ile 36 ni mnyama mwingine: matukio yote ya malaria, si la kwanza tu, kwa wote waliopigiwa kura, wakifuatiliwa kwa wastani wa miezi 48, na dozi ya nne mwezi wa 20. Bila dozi ya nne ni 28.3.

#6 Nyuki_wa_Kilifi
Mzee amegusa penyewe: miezi 48 dhidi ya miezi 6. Kaka Kipimajoto, unalinganisha mwanariadha wa mita 100 na wa marathoni halafu unauliza kwa nini mmoja amechoka.

Kilifi walifuatilia watoto 447, waliopata dozi tatu za RTS,S pamoja na wa ulinganisho, kwa miaka 7. Mwaka wa kwanza kinga 35.9. Mwaka wa nne 2.5. Ukijumlisha miaka yote saba, 4.4. Na kwa watoto wanaoishi penye mbu wengi, mwaka wa tano namba ilikwenda chini ya sifuri, yaani waliochanjwa waliugua ZAIDI ya wenzao. Kwa hiyo kila asilimia ije na saa yake. Isiyo na saa usiinunue.

#7 Chumvi_Nyingi
Chini ya sifuri?! Si ndiyo kusema chanjo inaleta malaria. Na sisi Tanzania tuliingizwa kwenye yale majaribio ya 2019 bila kuambiwa, watoto 15,459 wa miezi 5 hadi 17.

#8 Mzee_wa_Itifaki
#7 una makosa matatu kwenye mistari miwili, hongera.

Moja, utekelezaji wa majaribio wa 2019 ulikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Tanzania haimo. Tanzania ilikuwa kwenye awamu ya tatu, lile jaribio kubwa la RTS,S lililoanza 2009, vituo vya Bagamoyo na Korogwe, na kila mzazi alitia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa mbele ya shahidi kama hasomi. Mbili, 15,459 ni wote wa nchi saba: 8,922 wa miezi 5 hadi 17, na 6,537 wachanga wa wiki 6 hadi 12. Hao wachanga kinga yao ilikuwa ndogo zaidi, 25.9 hata kwa dozi ya nne. Tatu, hilo la chini ya sifuri namwachia Nyuki kwa sababu alilileta yeye.

#9 Nyuki_wa_Kilifi
Nimelileta, nalibeba. Mtoto ambaye hakuchanjwa anaugua mara nyingi miaka ya mwanzo, na kila ugonjwa unamjengea kinga ya asili ya mtaani. Aliyechanjwa alilindwa miaka hiyo, kingamwili zikashuka, akabaki na "masomo" aliyoyakosa. Mwaka wa tano anayafidia.

#10 MizaniYaKati
Hayo ni maelezo mamoja, Nyuki. Yapo mengine yasiyohitaji kinga ya mwili kabisa. Watoto hawaumwi na mbu sawasawa. Anayelala kando ya dimbwi si sawa na wa juu ya mlima. Ukihesabu tukio la kwanza tu, wa kando ya dimbwi ambao hawakuchanjwa wanatoka mapema kwenye hesabu. Wanaobaki kwenye ulinganisho ni wa mlimani, na wale wa dimbwini waliochanjwa bado wamo. Baada ya muda chanjo inaonekana mbaya bila kuwa imebadilika. Kuhesabu matukio yote kunapunguza tatizo hili lakini hakulimalizi.

Kutenganisha maelezo haya mawili kwa data ya jaribio peke yake ni kazi ngumu. Ndiyo maana bado yanabishaniwa.

#11 Bi_Slaidi
Mnabishana asilimia bila kuuliza "malaria" ni nini. Kwenye majaribio yote mawili, tukio la malaria ni mtoto aliyeletwa na joto la kwapani 37.5 au zaidi NA vimelea zaidi ya 5,000 kwa mikrolita ya damu. Sasa njooni maabara muone hiyo 5,000 inavyozaliwa.

Kwenye slaidi (kioo cha darubini), mikrolita 6 za damu kwa tone zito, 2 kwa utando mwembamba. Tone zito lisambazwe mpaka maandishi ya gazeti yasomeke kwa shida kupitia kwake. Likiwa nene zaidi linabanduka kwenye kuosha. Likauke lenyewe, si juani. Utando mwembamba unagandishwa kwa methanoli, tone zito kamwe. Rangi ya Giemsa asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45, au asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15 mkiwa na haraka. Maji ya kuchanganyia yawe na pH 7.2. Yakiwa na tindikali kila kitu kinakuwa pinki na kiini cha kimelea hakionekani vizuri.

Halafu unahesabu vimelea sambamba na seli nyeupe. Ukifika seli nyeupe 200 na vimelea vimetimia 100, unasimama. Havijatimia, unaendelea mpaka seli 500. Zidisha kwa 8,000, gawa kwa seli ulizohesabu. Kwa hiyo 5,000 maana yake ni vimelea 125 kwa seli 200. Ukiona 127 mtoto ni "tukio". Ukiona 123 si tukio, hata kama anatetemeka kitandani.

Na hiyo 8,000 ni ya kudhania, kwamba kila mtu ana seli nyeupe 8,000 kwa mikrolita. Mtoto mwenye 12,000, vimelea 125 vyake ni 7,500. Mwenye 5,000 ni 3,125. Ndiyo sababu slaidi moja husomwa na wasomaji wawili wasioonana wala kujua kundi la mtoto. Zipo itifaki ambazo tofauti ikizidi asilimia 25, au mmoja akisema hasi mwingine chanya, anaitwa wa tatu.

#12 Mgambo_wa_Mbu
Kwa hiyo sera ya bara zima imesimama juu ya jicho la Bi Slaidi saa tisa alasiri, chai haijafika.

#13 Bi_Slaidi
Chai ikifika haiingii maabara. Soma sheria ukutani.

#14 Kipimajoto
Bi Slaidi asante, hapo nimejifunza. Lakini kwa nini 5,000? Mtoto mwenye homa na vimelea 2,000 si mgonjwa?

#15 MizaniYaKati
Anaweza kuwa mgonjwa na atatibiwa papohapo. Kizingiti ni cha kuhesabia, si cha kutibia. Penye malaria nyingi mtoto anatembea na vimelea mwezi mzima bila kuumwa. Siku akipata mafua, ana homa na ana vimelea, lakini homa si ya malaria. Chanjo haizuii mafua.

Mfano wa kubuni, ubaoni tu. Ulinganisho una matukio 100: 80 ni malaria kweli, 20 ni mafua yaliyovaa kanzu ya malaria. Chanjo inazuia robo tatu ya malaria ya kweli: 80 zinakuwa 20. Mafua yanabaki 20. Jumla 40 dhidi ya 100, unatangaza 60 wakati ukweli ni 75. Kizingiti kikipanda, mafua yanapungua kwenye hesabu na namba inasogea kwenye ukweli. Kikipanda mno unabaki na matukio machache na wigo wa makosa unakuwa mpana kama Ruaha masika.

Kwa hiyo Kipimajoto, namba inaweza kupikwa kwenda CHINI pia, bila mtu kukusudia.

#16 Kusi_na_Kaskazi
Mmesahau mvua. Nanoro walichanja dozi tatu, wiki nne kati ya moja na nyingine, KABLA ya msimu wa malaria. Kingamwili zikiwa kileleni ndipo mbu wanakuja. RTS,S awamu ya tatu ilichanja kwa kufuata umri, mwaka mzima, na vituo kama vya magharibi mwa Kenya mbu hawana likizo. Ndiyo 75 na 68 za awamu ya tatu ya R21: 75 ni vituo vya msimu, Burkina Faso na Mali, 68 ni vituo vya kuchanja kwa umri, vikiwemo Kilifi na Bagamoyo.

Ushahidi mwingine: RTS,S yenyewe ilipotolewa kabla ya msimu huko Burkina Faso na Mali, pamoja na dawa za kinga za msimu, ilipunguza malaria kwa takriban 63 ukilinganisha na waliopewa dawa peke yake. Chanjo "dhaifu", kwa miaka mitatu.

#17 Mzee_wa_Itifaki
Kusi, 75 na 68 zimepishana 7 tu. Msimu hauwezi kubeba pengo lote la 68 na 36. Na hiyo 63 walengwa walipata dozi ya nyongeza kila mwaka, si mara moja kama kwenye awamu ya tatu. Umebadilisha mambo mawili unapongeza moja.

#18 Kusi_na_Kaskazi
Nyongeza ya kila mwaka kabla ya mvua NDIYO msimu wenyewe, mzee wangu.

#19 Jogoo_la_Shamba
Kipimajoto kasema "ndugu wa tumbo moja". Baba mmoja, mama mbalimbali. Zote mbili zimebeba kipande cha protini ya ganda la kimelea kinapotoka kwenye mate ya mbu, kimeunganishwa na protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B. Jina RTS,S lina maana: R ni ule mrudio wa asidi amino, T ni sehemu zinazoamsha seli T, S ni protini ya homa ya ini, na S ya mwisho ni protini hiyo hiyo ikiwa huru. Hizo S huru ni nyingi kuliko zilizobeba kimelea, kama nne kwa moja. R21 haina S huru. Kila kipande kimebeba. Kichochezi pia ni tofauti, AS01 kwa ile, Matrix-M kwa hii. Kwa hiyo inawezekana pia, jamani, kwamba R21 ni bora tu. Hakuna aliyelitaja hilo.

#20 Nyuki_wa_Kilifi
Inawezekana, lakini majaribio haya hayakuziweka uso kwa uso. Kila moja ilishindana na chanjo ya kichaa cha mbwa kijijini kwake (wale wachanga wa RTS,S walipewa ya homa ya uti wa mgongo). Bingwa wa Mombasa na bingwa wa Mwanza hawajakutana ulingoni. Vyandarua vimebadilika, miaka imebadilika.

#21 Chumvi_Nyingi
Kichaa cha mbwa kwa mtoto wa malaria? Si wangempa maji ya chumvi tu. Na kwa nini wasimalizie kwa panya kabla ya kuja kwetu, panya wameshaponywa malaria mara ngapi?

#22 Jogoo_la_Shamba
Panya wa kawaida hashikwi na falsiparumu, kimelea cha malaria ya watu kinacholengwa na chanjo hizi. Anatumiwa kimelea cha jamaa zake, Plasmodium berghei, au berghei aliyepandikizwa ile protini ya falsiparumu. Anakuambia kingamwili zinazuia njia ya kwenda kwenye ini, basi. Hakuambii miezi 48.

Kati ya panya na kijiji kuna ngazi nyingine: kuwaambukiza watu wazima wenye afya kwa makusudi, chini ya uangalizi. Bagamoyo ilifanyika 2012, wanaume waliojitolea walidungwa sporozoiti (vimelea vya hatua ile inayotoka kwa mbu) zilizohifadhiwa kwenye ubaridi mkali, 10,000 au 25,000 kila mmoja, wakapimwa damu kila mara mpaka vimelea vionekane, wakatibiwa. Uzuri wake unajua siku na kiasi cha maambukizi, kwa hiyo watu wachache wanatosha. Ubaya, ni watu wazima, na sindano si mbu.

#23 Mzee_wa_Itifaki
Na kuhusu maji ya chumvi: sindano isiyo na faida kwa mtoto ni vigumu kuitetea mbele ya kamati ya maadili. Kichaa cha mbwa kipo vijijini, mtoto anaondoka na kitu. Tatizo ni sura: chanjo hizi hazifanani kwenye bomba. Kwa hiyo anayechanganya na kudunga anajua, bomba linafungwa utepe usiopitisha mwanga, na mtu huyo haruhusiwi kupima homa wala kumhoji mzazi baadaye. Akichanganya majukumu siku moja tu kwa sababu mwenzake anaumwa, siri imevuja na lazima iandikwe kama ukiukaji.

#24 Kipimajoto
Sawa, nimepunguza "imepikwa" ikawa "imechaguliwa". Bado 64 yangu ni ya kweli. Sasa 13, Mgambo, umesema vifo halafu ukakimbia.

#25 Mgambo_wa_Mbu
Sijakimbia, nilikuwa natundika neti.

Ghana, Kenya na Malawi hawakupiga kura ya mtoto mmoja mmoja. Walipiga kura ya maeneo: haya yaanze chanjo sasa, haya baadaye. Kisha wakalinganisha vifo vya watoto wa umri unaohusika katika maeneo yote, aliyechanjwa na asiyechanjwa humohumo, ajali zikitolewa. Vikapungua 13. Ndani ya hiyo 13 wamo waliokosa dozi na waliofika nusu njia, kwa hiyo si nguvu ya chanjo, ni nguvu ya mpango mzima.

Na kinachowakuna vichwa si udogo wake, ni ukubwa. Malaria ni sehemu tu ya vifo vya watoto, na waliochanjwa ni sehemu tu ya watoto. Ukizidisha sehemu kwa sehemu kwa ufanisi, 13 ni nyingi.

#26 Bi_Slaidi
Labda vifo vingi vinaandikwa nimonia au upungufu wa damu kumbe chanzo ni malaria.

#27 Nyuki_wa_Kilifi
Lipo hilo la Kilifi la 2011, na njia yake ni tamu. Ukitaka kujua kama malaria inafungulia mlango bakteria kwenye damu, huwezi kumpa mtoto malaria kwa kura. Basi wakatumia kura ya kuzaliwa: mtoto mwenye jeni moja la selimundu hapati malaria kali kirahisi, na jeni hilo linagawiwa na wazazi bila kuangalia umaskini. Watoto hao walikuwa na bakteria damuni kwa uchache kuliko wenzao. Malaria ilipopungua Kilifi, faida yao nayo ikapungua. Kwa hiyo ukizuia malaria unazuia na mengine. Inaeleza sehemu ya 13.

#28 MizaniYaKati
Au maeneo yaliyochanja yalipata kliniki zaidi: mtoto akija kwa dozi anapimwa uzito, anapewa vitamini A, mama anaulizwa neti. Kura ya maeneo hailitenganishi hilo na chanjo.

Na kwa Kipimajoto, namba ya kumpa mama wala si 64 wala 77. RTS,S yenye dozi ya nne, ile ya 36, ilizuia matukio 1,774 kwa kila watoto 1,000. Zaidi ya tukio moja na nusu kwa mtoto, kwa sababu mtoto mmoja anaugua mara nyingi. Penye malaria kidogo, 77 inaweza kuokoa matukio machache kuliko hayo.

#29 Kipimajoto
Watoto 1,000, matukio 1,774. Ngoja nirudi kwenye kikokotoo.

#30 Chumvi_Nyingi
Bi Slaidi swali dogo: mtu akigandisha tone zito kwa methanoli kwa bahati mbaya, slaidi imekufa?

#31 Bi_Slaidi
Kwa kuhesabia imekufa. Seli nyekundu hazipasuki, zinabaki zimepandana kama matofali na huoni ndani. Mara nyingi si kwamba limetumbukizwa, ni slaidi imesimamishwa tone zito likiwa chini, methanoli ikateremka, au imekaa karibu na chupa iliyo wazi na mvuke ukaligandisha. Isimamishe utando mwembamba ukiwa chini, na kila mtoto awe na slaidi mbili, moja ya akiba.

#32 Mgambo_wa_Mbu
Mbili? Na ile ya tatu ya kubishania?

#33 Bi_Slaidi
Ya tatu ni msomaji, si slaidi. Rudi #11.